Gari la Deraya la Karatasi: Somo la Skeli

(Masomo ya watu wazima kwa redio. Hesabu za kazi, somo la tisa. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji vya Nyalikungu na wilaya nzima ya Maswa. Wanaozungumza ni Mwalimu na Fundi seremala.)

MWALIMU: Katika somo lililopita tulijifunza kupima urefu kwa rula na kuandika sentimita na milimita kwa nukta. Leo twapiga hatua nyingine: twajifunza skeli. Skeli ni uwiano kati ya kitu chenyewe na mchoro wake, au kati ya kitu na mfano wake mdogo. Mtu aliye na mchoro wa nyumba au ramani ya kiwanja hana budi kuijua skeli. Asipoijua, atakuwa kama mtu aliyepewa barua asiyoweza kuisoma, kisha akaambiwa aitie sahihi.

Kujifunza jambo hili kwa maneno matupu huchosha. Kwa hiyo leo tutalijifunza kwa mikono. Tutatengeneza kwa karatasi nene mfano wa gari la deraya, yaani gari la vita lililofunikwa kwa mabamba ya chuma. Gari hilo lilikuwa la Jeshi la Poland, nalo lilitumika katika miaka ya kati ya vita kuu mbili za dunia.

FUNDI: Niwie radhi, Mwalimu, nikukatize. Sisi hapa tuna malori ya pamba, tuna matrekta, tuna mabasi ya Mwanza na Shinyanga. Kwa nini twende mbali hivyo kutafuta gari la Wapolandi?

MWALIMU: Umeuliza vema, Fundi. Sababu ni tatu. Ya kwanza, gari hili liliundwa kwa mabamba bapa yaliyounganishwa kwa ribiti. Basi sisi tutatumia karatasi bapa iliyounganishwa kwa gundi. Lori la siku hizi lina mabati yaliyopinda kila upande, na karatasi haipendi kupindwa pande mbili kwa mara moja. Anayeanza aanze na kilicho bapa.

Sababu ya pili ni hii: magari haya yote yaliangamia katika vita au baada yake, wala halikubaki hata moja zima. Vipimo na picha zimebaki. Mtu anayetaka kuliona leo lilivyokuwa, hana njia ila kulijenga upya kwa vipimo. Hapo ndipo nguvu ya skeli inapoonekana: chuma kimekwisha, lakini tarakimu zimebaki, nazo zatosha kulirudisha umbo.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi wenyewe. Vita vilivyoangamiza magari hayo ndivyo vilivyoleta Wapolandi wapatao 5,000 kuja kuishi Tengeru, karibu na Arusha.

FUNDI: Tengeru nimepita mara nyingi. Hilo la Wapolandi sikulijua.

MWALIMU: Basi tulieleze kwa ufupi kabla ya kushika mkasi.

GARI LENYEWE NA HISTORIA YAKE

Nchi ya Poland ilipata tena uhuru wake mwezi wa Novemba 1918, baada ya kugawanywa na kutawaliwa na majirani zake kwa zaidi ya miaka 120. Jeshi lake jipya halikuwa na fedha nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 lilinunua Ufaransa fremu za magari aina ya Citroën-Kégresse, ambazo mbele zilikuwa na magurudumu na nyuma zilikuwa na mikanda ya mpira badala ya magurudumu. Juu ya fremu hizo walijenga mwili wa deraya. Gari hilo waliliita wz. 28. Herufi hizo mbili ni kifupi cha neno la Kipolandi lenye maana ya namna au mfano, na 28 ni mwaka 1928.

Mikanda ile ilifaa kwenye mchanga na matope, lakini ilikuwa na mwendo wa pole na iliisha upesi. Ndipo tangu mwaka 1934 mafundi wa jeshi wakaanza kuiondoa mikanda na kuweka mahali pake ekseli ya nyuma ya lori la Fiat lililoundwa Poland. Hivyo likapatikana gari la wz. 34, na hilo ndilo tutakalolijenga leo. Yalikuwa zaidi kidogo ya 80. Liliweza kwenda mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa barabarani. Ndani walikaa watu 2: dereva na mpiga silaha. Juu lilikuwa na mnara wenye pande 8 uliozunguka. Baadhi yake yalichukua mzinga mdogo wa milimita 37, na yaliyo mengi yalikuwa na bunduki ya bombomu.

FUNDI: Kwa hiyo walipata mwendo, wakapoteza nguvu ya kupita matopeni.

MWALIMU: Ndivyo hasa. Wewe unayejua njia ya mbugani wakati wa masika huhitaji kuelezwa zaidi. Udongo mweusi wa mbuga haumheshimu dereva yeyote. Gari la magurudumu membamba hupita vizuri penye changarawe, likiingia kwenye udongo ule linakwama. Kila badiliko la chombo lina faida na hasara, na fundi mwema huzihesabu zote mbili.

Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliishambulia Poland. Magari haya yalikuwa yamegawiwa brigedi za askari wa farasi, ili yaende mbele na kupeleleza. Siku hiyo ya kwanza, katika kijiji cha Mokra, brigedi ya Volhynia iliyokuwa na magari ya namna hii ilipigana mchana kutwa na divisheni ya vifaru ya Kijerumani, na kuichelewesha. Tarehe 17 Septemba Urusi ya Kisovieti nayo iliingia Poland kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa tena.

Katika mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwachukua raia wa Poland kwa malaki, wakawapeleka Siberia na Asia ya Kati kwa treni za mizigo. Mwaka 1942 sehemu ya watu hao walipata ruhusa ya kutoka, wakapitia Uajemi, na baadhi yao wakaletwa kwa meli hadi Afrika ya Mashariki. Wengi walikuwa wanawake na watoto, maana wanaume wenye nguvu walikuwa wameingia jeshini. Katika Tanganyika walikaa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Uganda walikaa Masindi na Koja. Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote. Walikuwa na shule, hospitali, mashamba na karakana. Vita vilipokwisha wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, na kambi haikufungwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yao yangali Tengeru hata leo, nayo yanatunzwa.

FUNDI: Wakimbizi kutoka Ulaya, wamepokewa kwetu.

MWALIMU: Naam. Na mimi napenda wasikilizaji walikumbuke jambo hilo wakati mikono yao ikikunja karatasi. Sisi hatutengenezi mwanasesere wa kuwafurahisha watoto tu. Sasa natuingie kazini.

HESABU YA SKELI

Gari lenyewe lilikuwa na urefu wa meta 3.62, upana wa meta 1.91, na kimo cha meta 2.22. Sisi tutatumia skeli ya 1 kwa 25, inayoandikwa 1:25. Maana yake ni kwamba kila sentimita 1 ya mfano ni sentimita 25 za gari. Huko Poland kuna jarida la mifano ya karatasi liitwalo Mały Modelarz, lililoanza mwaka 1957, na skeli hii ya 1:25 imezoewa sana huko kwa magari.

Chukueni kalamu. Urefu ni sentimita 362. Gawanyeni kwa 25, mtapata 14.48, tuandike 14.5. Upana ni sentimita 191. Ukigawanya kwa 25 wapata 7.64, tuandike 7.6. Kimo ni sentimita 222. Ukigawanya wapata 8.88, tuandike 8.9. Basi mfano wetu utakuwa na urefu wa sentimita 14.5, upana 7.6 na kimo 8.9. Utakaa vizuri juu ya daftari.

Vipimo vya vipande vya katikati nimevirahisisha ili kila mtu aweze kuvikata kwa mkasi. Lakini jumla ya urefu, upana na kimo ni ile ile ya gari.

VIFAA

Mtahitaji karatasi mbili za manila, rula, penseli iliyochongwa vizuri, mkasi, wembe, kalamu ya wino iliyokwisha wino, na kipande cha ubao cha kukatia. Kwa magurudumu tafuteni boksi kuukuu. Kwa ekseli chukueni njiti mbili ngumu za ufagio. Gundi ya dukani ni nzuri. Kama haipo, pikeni uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo, uchujeni usiwe na madonge.

FUNDI: Hapo naomba niongeze neno. Gundi ya uji ina maji mengi. Ukiipaka nene, karatasi inalowa na kujikunja. Ipakwe nyembamba kwa ncha ya kijiti, kisha kipande kishikwe kwa kibanio cha nguo mpaka kishike.

MWALIMU: Asante, Fundi. Na mnayetumia wembe, kateni kwa kuuvuta kuelekea pembeni, si kuelekea kidole. Watoto wasiachiwe wembe.

Jambo jingine lililo kubwa: kila mahali pa kukunja, kwanza pitisheni kalamu isiyo na wino kando ya rula mkiikandamiza. Itaacha mfereji mdogo, na karatasi itakunjika papo hapo kwa ukingo mkali. Asiyefanya hivyo atapata kona za mviringo, na gari lake litafanana na mkate.

KUCHORA NA KUKATA VIPANDE

Kipande cha kwanza: chumba cha askari. Hiki ni sanduku lenye urefu wa sentimita 6.5, upana 6.0 na kimo 4.2. Kuta zake nne zichorwe katika utepe mmoja. Jumlisheni: 6.5 na 6.0 na 6.5 na 6.0, ni sentimita 25. Ongezeni ulimi wa milimita 7 wa kubandikia, mtapata 25.7. Kimo cha utepe ni 4.2, na juu na chini ongezeni ndimi za milimita 5. Kisha kateni vipande viwili vya 6.5 kwa 6.0, kimoja cha sakafu na kimoja cha paa.

Kipande cha pili: boneti. Urefu wake ni 4.6, upana 3.6 na kimo 3.0. Choreni mstatili wenye upana wa 3.0 jumlisha 3.6 jumlisha 3.0, yaani 9.6, na urefu wa 4.6. Ukikunjwa mara mbili unakuwa ubavu, juu, na ubavu. Mbele bandikeni kipande cha 3.6 kwa 3.0, na chini kipande cha 3.6 kwa 4.6. Nyuma pabaki wazi na ndimi za kushika chumba.

Kipande cha tatu: mkia, yaani sehemu ya nyuma inayoteremka. Urefu wake chini ni 2.4. Mahali unapogusana na chumba una kimo cha 4.2, na mwisho wake una kimo cha 2.4 tu. Je, Fundi, bamba la juu linaloteremka litakuwa na urefu gani?

FUNDI: Linashuka 1.8 katika urefu wa 2.4. Mimi ningetumia ile kanuni ya kupigia msingi wa nyumba, ya 3, 4 na 5.

MWALIMU: Umelenga. Wasikilizaji, waashi wote wanaijua: ukipima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule, na kamba ya katikati ikawa futi 5 kamili, kona yako imenyooka. Hapa 1.8 ni 3 mara 0.6, na 2.4 ni 4 mara 0.6. Basi upande wa mteremko ni 5 mara 0.6, yaani sentimita 3.0. Kateni bamba la mteremko la 3.0 kwa 6.0, bamba la nyuma la 2.4 kwa 6.0, na mbavu mbili. Kanuni inayosimamisha nyumba ndiyo ile ile inayosimamisha mkia wa gari la karatasi.

Kipande cha nne: mnara wenye pande 8. Wengi huogopa hapa, lakini ni rahisi. Choreni mraba wa sentimita 4.8 kila upande. Kutoka kila kona pimeni sentimita 1.4 kwenye pande zake zote mbili, mkatie alama. Unganisheni alama hizo, kisha kateni kona nne. Mmepata umbo la pande 8, na kila upande ni karibu sentimita 2.0. Hilo ndilo paa la mnara. Kuta zake ni utepe wa 8 mara 2.0, yaani 16.0, pamoja na ulimi wa milimita 7. Kimo chake ni 2.4. Ukunjeni kila sentimita 2.0. Juu ya paa bandikeni kifuniko kidogo chenye kimo cha milimita 3.

Kipande cha tano: fremu. Kateni tepe mbili, kila moja urefu 14.5 na upana 2.1. Kila moja ikunjwe sehemu tatu za milimita 7, iwe kama mfereji. Karatasi bapa hulegea, lakini ikikunjwa hivi inakuwa ngumu. Kwa sababu hiyo hiyo chuma cha fremu ya lori hukunjwa, na bati la nyumba hutiwa mikunjo.

Kipande cha sita: magurudumu. Kateni duara nane za boksi, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 3.0. Zibandikeni mbili mbili, mtapata magurudumu manne.

Mzinga fanyeni kwa kuviringisha karatasi nyembamba juu ya sindano nene. Utokeze sentimita moja na nusu mbele ya mnara.

RANGI KABLA YA GUNDI

Pakeni rangi wakati vipande vingali bapa, kisha viacheni vikauke kabisa. Katika miaka ya mwisho kabla ya vita magari ya Poland yalipakwa rangi tatu za kujifichia: kijivu cha mchanga, kijani cha zeituni na hudhurungi nzito, kwa mabaka makubwa yasiyo na ukingo mkali. Penseli za rangi zinafaa kuliko rangi ya maji, kwa kuwa hazilowanishi karatasi.

KUUNGANISHA

Fuateni mpango huu wala msiuruke. Kwanza bandikeni sakafu kwenye kuta za chumba, kisha paa. Pili, bandikeni boneti mbele na mkia nyuma, sakafu zote ziwe sawa sawa. Tatu, bandikeni mifereji miwili ya fremu chini, ikitokeza mbele sentimita 1.0. Sasa hesabuni urefu: 1.0 na 4.6 na 6.5 na 2.4. Ni 14.5. Kama yenu si 14.5, tafuteni kosa sasa, kabla gundi haijakauka.

Nne, toboeni fremu milimita 5 chini ya sakafu, mpitishe njiti. Ekseli ya mbele iwe sentimita 2.0 nyuma ya uso wa boneti, na ya nyuma iwe 9.0 kutoka ile ya mbele. Magurudumu yakae nje ya chumba, na upana wote usizidi 7.6. Mwisho wekeni mnara juu ya paa. Kama mwataka uzunguke, mshikieni kwa pini katikati, msiubandike.

Pimeni kimo: kutoka mezani hadi sakafu 2.0, chumba 4.2, mnara 2.4, kifuniko 0.3. Jumla 8.9. Hesabu imekubali.

MFANO UNATUFUNDISHA NINI?

MWALIMU: Fundi, shika manila hiyo kwa vidole. Unene wake ni kiasi gani?

FUNDI: Si zaidi ya theluthi moja ya milimita.

MWALIMU: Sasa sikiliza. Deraya ya gari lile ilikuwa na unene wa milimita 6 mpaka 8. Gawanya 8 kwa 25: wapata 0.32. Yaani karatasi uliyoshika, kwa skeli yetu, ndio unene wenyewe wa chuma kilichowakinga wale watu wawili.

FUNDI: Ni nyembamba hivi?

MWALIMU: Ni nyembamba hivyo. Chuma hicho kilizuia risasi ya bunduki. Risasi ya mzinga mdogo wa kifaru, wa milimita 20 au 37, haikuzuiliwa nacho. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Mtu akilitazama gari la vita kwa mbali huliona kama mwamba. Anayelijenga kwa skeli anajua kwamba ndani ya sanduku hilo walikaa binadamu wawili, na kati yao na mauti palikuwa na kitu kisichofika unene wa kidole kidogo.

La pili. Tazameni kimo na upana. Gari hili lilikuwa refu kwenda juu kuliko lilivyokuwa pana. Liwekeni juu ya ubao, magurudumu ya upande mmoja yazuiwe kwa kijiti, kisha inueni ubao polepole mpaka gari liangukie ubavu. Andikeni ubao ulikuwa juu kiasi gani. Rudieni mkiwa mmebandika donge la udongo juu ya mnara. Rudieni tena donge likiwa chini ya sakafu. Mtaona kwamba mzigo ukiwa juu gari huanguka mapema, na mzigo ule ule ukiwa chini gari hustahimili. Anayepakia marobota ya pamba juu ya lori mpaka yazidi kimo chake, au anayepandisha abiria na mizigo juu ya paa la basi, afanye jaribio hili mwenyewe mezani. Hapo hupotea donge la udongo tu.

La tatu. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa tani 2 na kitu. Je, mfano wa skeli 1:25, ungetengenezwa kwa vitu vile vile, ungekuwa na uzito wa tani 2 zilizogawanywa kwa 25?

FUNDI: Hiyo ingekuwa kilo 80 na zaidi. Haiwezekani, ningeweza kuubeba kwa kiganja.

MWALIMU: Haiwezekani kweli. Urefu umepungua mara 25, upana mara 25, na kimo mara 25. Basi ujazo umepungua 25 mara 25 mara 25, yaani mara 15,625. Tani 2.1 ukizigawanya kwa hesabu hiyo wapata gramu 134 hivi. Na eneo la kila bamba limepungua mara 625. Kumbukeni: urefu hupungua mara moja, eneo hupungua mara mbili, ujazo hupungua mara tatu.

KUTOKA KARATASI HADI SHAMBA

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Hapa kwetu watu hupima ekari kwa hatua: 70 kwa 70. Jumla ni hatua za mraba 4,900. Mtu anataka kununua au kukodi nusu ekari. Muuzaji anamwambia, “Nusu ya 70 ni 35; basi tutapima 35 kwa 35.” Inasikika kama haki. Lakini 35 mara 35 ni 1,225 tu, nayo ni robo ya ekari. Amelipa nusu, amepewa robo. Nusu ya kweli ni 35 kwa 70, yaani 2,450.

FUNDI: Mwalimu, hilo limewapata wengi. Na pengine hata muuzaji mwenyewe hakujua.

MWALIMU: Pengine hakujua, lakini msimu wa pamba hauulizi nani alijua. Mbegu, dawa na jasho vyote vimehesabiwa kwa nusu ekari, na mavuno yatatoka kwenye robo.

Ndivyo ilivyo pia kwenye ramani ya kiwanja. Chukueni mchoro wenye sentimita 6 kwa 4. Ukiwa na skeli ya 1:1,000, kiwanja ni meta 60 kwa 40, eneo meta za mraba 2,400. Mchoro ule ule ukiwa na skeli ya 1:500, kiwanja ni meta 30 kwa 20, eneo 600. Karatasi haikubadilika hata kidogo, bali tarakimu moja ndogo pembeni imebadilika, na robo tatu ya ardhi imetoweka. Kwa hiyo mtu asitie sahihi wala kidole gumba kwenye mchoro kabla ya kuuliza: skeli ni ngapi? Na mchoro usio na skeli si ramani, ni picha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu lina magurudumu yenye kipenyo cha sentimita 3.0. Kwa skeli ya 1:25, gurudumu la kweli lingekuwa na kipenyo gani?

2. Mtu mwenye kimo cha sentimita 175 angekuwa na kimo gani akisimama kando ya mfano wetu? Mkateni kwa karatasi, mmsimamishe hapo.

3. Pimeni jengo mnalokutania. Lichoreni kwa skeli ya 1:100, mwandike skeli hiyo pembeni.

4. Kila mmoja aeleze kwa nini nusu ekari si 35 kwa 35. Wasioamini watoke nje wakapime kwa hatua.

5. Katika ukoo au kijiji chenu, ni kitu gani cha zamani kilichopotea ambacho vipimo vyake bado vinakumbukwa na wazee? Viandikeni kabla havijasahauliwa.

MWALIMU: Wasikilizaji, mtakapomaliza gari lenu liwekeni mahali ambapo watoto wataliona, na wakiuliza ni gari gani, waambieni habari za Mokra na za Tengeru. Somo lijalo tutapima ujazo wa ghala na wa tangi la maji. Njooni na kamba yenye mafundo ya meta moja moja. Kwaherini.